UZI: Zona ya baba mdogo wangu, na virusi vinavyolala mwilini miaka hamsini

Muuguzi_Kadutu
Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wandugu, nawasalimu. Naandika usiku huu kwa sababu Jumapili kuna kikao cha familia yetu hapa Bukavu, na nisipopata namna ya kulieleza jambo hili likaeleweka, jirani mmoja asiye na kosa ataitwa mchawi mbele ya watoto wake.

Baba mdogo wangu ana miaka 61. Wiki mbili zilizopita alianza kusikia moto kwenye mbavu za kulia. Siku tatu nzima hakuna kilichoonekana, maumivu tu, hata akadhani ni mapafu. Siku ya nne yakatoka malengelenge. Alipokuja kwangu nilimvua shati, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Yanaanza kando ya uti wa mgongo, yanapita chini ya kwapa, yanakuja mbele, yanakatika katikati ya kifua kama mtu aliyepiga rula. Kushoto hakuna hata kipele kimoja. Mengine yalikuwa na maji meupe bado, mengine yalishapasuka chini ya majivu na dawa ya meno waliyompaka nyumbani.

Hii ni zona. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita mkanda wa jeshi. Lakini nyumbani jina lilishapatikana: "ametupiwa". Baba mdogo ana kesi ya mpaka wa parseli, yaani kiwanja, na jirani yake tangu mwaka jana, na wiki moja kabla ya maumivu walizozana kwenye bomba la maji. Shangazi mmoja anasema ni karuho, ile sumu ya siri inayosemwa hapa kwetu. Mwingine anasema mkanda ukizunguka na ncha mbili zikakutana, mtu anakufa, na aliyeutuma anangoja siku hiyo.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 14. Ninachokijua ni hiki.

Kirusi kilichotoa mkanda huu kiliingia mwilini mwa baba mdogo alipokuwa mtoto, siku zile alipougua varisele, yaani tetekuwanga. Varisele inapotoka, virusi vilivyo kwenye ngozi vinaingia kwenye ncha za neva, zile nyuzi nyembamba zinazopeleka habari za maumivu na joto kwenye uti wa mgongo. Vinapanda nazo mpaka kwenye fundo dogo la seli lililo kando ya uti wa mgongo. Hapo vinavua kila kitu. Kinachobaki ni vinasaba vyake tu, ndani ya kiini cha seli, vimejifunga kama duara. Havitengenezi karibu chochote, na walinzi wa mwili wakipita hawaoni cha kukamata. Mtoto anapona, anasoma, anaoa, anazeeka, na duara lile liko pale pale.

Kila fundo linahudumia ukanda wake wa ngozi, upande mmoja wa mwili. Kinga ikishuka, kwa umri, kwa ugonjwa mwingine, kwa virusi vya SIDA, yaani UKIMWI, kwa dawa zinazoipunguza kinga, kirusi kinaamka kwenye fundo moja, kinateremka kwa neva ile ile na kutokea kwenye ukanda ule ule. Rula niliyoiona kifuani ni mwisho wa neva. Ndiyo sababu kwa kawaida haivuki katikati. Na yakitapakaa mwili mzima, maana yake kinga imeanguka sana na mgonjwa alazwe haraka. Ncha kukutana hakuhusiki.

Dawa ipo: asikloviri, miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7, na inafaa ianze ndani ya saa 72 tangu mapele yatoke. Baba mdogo aliletwa siku ya sita tangu mapele yatoke. Majivu yalikula zile saa 72.

Mapele yakitoka kwenye paji la uso au ncha ya pua, mkimbizeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Na kijana akipata zona, apimwe SIDA. Vijana wengine wanaipata bila SIDA, lakini ni ishara isiyofaa kupuuzwa, na anayejua mapema anaanza dawa mapema.

Nisaidieni: ninyi mngewaelezaje wazee?

---

Mama_Furaha_Bagira
Ijumaa, saa 3:42 usiku

Yaya, mi niko na swali. Mutoto wangu wa miaka ine ametoka mapele tangu juzi, bilianza ku kifua, sasa biko hata ndani ya nywele. Homa kidogo. Majirani banasema ni mpox, nisitoke naye. Mama mukwe anasema ni varisele tu. Nani iko na haki? Na hii varisele njo itamutokea tena akikuwa muzee sawa baba yako mudogo?

---

Muuguzi_Kadutu
Ijumaa, saa 3:58 usiku

Pole, mama Furaha. Hofu ya majirani naielewa. Aina mpya ya kirusi cha mpox ilitambulika Kamituga, hapa hapa mkoani kwetu, kuanzia mwezi wa tisa 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya dunia. Tangu hapo kila kipele cha mtoto kinatisha.

Haya ni magonjwa ya koo mbili tofauti kabisa. Mpox ni ndugu wa ndui. Varisele ni ya ukoo wa virusi vya hepesi, ukoo ule ule wa vidonda vya mdomo. Angalia mapele kwa makini mchana. Varisele hutoka kwa mafungu: hapa kipele chekundu, pembeni lengelenge la maji, pembeni tena kimekauka, yote siku moja kwenye sehemu moja ya mwili. Hupenda kifua, mgongo na kichwa. Mapele ya mpox mara nyingi hukua pamoja, magumu, mazito, hufika viganjani na kwenye nyayo, na tezi za shingo au za kinena huvimba. Ulivyoeleza inafanana zaidi na varisele.

Lakini usikate kesi kwa macho. Hapa kwetu kuna watoto waliopimwa wakakutwa na yote mawili kwa pamoja. Mpeleke kituo cha afya wachukue sampuli, na wakati huo asilale na wadogo zake. Usimpe aspirini, mpe parasetamo. Mkate kucha.

Swali la pili: ndiyo, kirusi kitabaki naye. Wengi hakiwarudii kamwe. Kwa wengine kitatoka uzeeni kama zona. Ukimsogelea mtu mwenye zona hupati zona, ila ambaye hajawahi kuugua varisele akigusa maji ya yale malengelenge anaweza kupata varisele.

---

Kijana_Essence
Ijumaa, saa 4:20 usiku

Mimi kila nikipata malaria, siku ya tatu mdomo unatoka vidonda, mahali pale pale, pembeni kushoto. Bibi anasema ni malaria inatoka, nifurahi. Hiyo nayo ni hepesi?

---

Maabara_ya_Ziwani
Ijumaa, saa 4:51 usiku

Ndiyo, mdogo wangu, nayo ni hepesi. Bibi ameona sawa kwamba mambo mawili yanafuatana, ila malaria haitokei mdomoni. Homa imemwamsha mpangaji wa zamani. Kwa wengine anaamshwa na jua kali la ziwani, kwa wengine na hedhi, kwa wengine na usiku mwingi bila usingizi.

"Pale pale kushoto" kuna sababu yake. Ulipokuwa mdogo, mtu mzima mwenye kirusi kwenye mate alikubusu au mlinywea kikombe kimoja. Kirusi kikaingia kwenye ngozi ya mdomo, kikazaana, kikafika kwenye ncha ya neva. Ndani ya neva kuna njia kama reli, na seli ina vyombo vyake vya kubebea mizigo kwenye reli hiyo. Kirusi kinapanda mzigo wa wenyewe mpaka kwenye fundo lililo ndani ya fuvu, mbele kidogo ya sikio. Kikiamka, kinarudi kwa reli ile ile mpaka mdomo ule ule.

OMS inakadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na kirusi hiki cha aina ya kwanza, yaani 64 kwa kila 100. Wengi hawajawahi kuona kidonda. Ukoo mzima wa hepesi unaoishi kwa wanadamu una virusi tisa, na karibu kila mtu mzima unayemwona soko la Kadutu ana kadhaa kati ya hivyo bila kujua.

Jambo moja ninaomba mlichukue kwa uzito: mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto mchanga. Mtu mzima ni kero ya siku nane. Kichanga wa wiki mbili, kirusi hicho hicho kinaweza kufika ini na ubongo. Shangazi akija kuona mzazi na ana kidonda, amwangalie mtoto kwa mbali na asione haya kusema kwa nini.

---

Kijana_Essence
Ijumaa, saa 5:05 usiku

Aksanti sana yaya. Lakini kama asikloviri ipo, kwa nini haimalizi kabisa? Tumeze tu mpaka kiishe.

---

Maabara_ya_Ziwani
Ijumaa, saa 5:33 usiku

Swali zuri sana. Ile dawa ni kama mtego unaojifunga kwa mkono wa mwizi mwenyewe. Inapoingia kwenye seli iko kimya. Kirusi kinapoamka kinatengeneza kimeng'enya chake cha kuandalia matofali ya vinasaba. Kimeng'enya hicho kinakosea, kinaichukua dawa kama tofali, kinaiwasha. Tofali hilo bovu likiingia kwenye uzi mpya wa vinasaba, ujenzi unakatika. Seli zenye afya hazina kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa inaziacha salama. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndiyo iliyotoa dawa hii, alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Sasa fikiria kirusi kilicholala. Hakijengi, hakitengenezi kile kimeng'enya. Mtego uko wazi na hakuna mkono. Meza mwaka mzima: vidonda vitapungua, na siku ukiacha, duara lile bado lipo kwenye fundo lake.

---

Bila_Jina
Jumamosi, saa 12:15 asubuhi

Nimesoma usiku kucha. Naomba msiniulize niko mtaa gani. Nilipokuwa na mimba ya miezi minane nilitokwa na vidonda sehemu za siri, mara ya kwanza maishani. Kwenye farmasi waliniambia ni hepesi na kwamba "imetoka nje". Bwana yangu aliposikia alisema yeye hana kidonda, hajawahi kuwa nacho, kwa hiyo mimi ndiye niliyetembea. Ni mwaka na miezi mitatu sasa, analala kwa kaka yake. Mimi sijamjua mwanaume mwingine. Mtoto yuko mzima, Mungu asifiwe. Je, kuna kipimo kinachoweza kusema kimeingia lini?

---

Muuguzi_Kadutu
Jumamosi, saa 1:02 asubuhi

Dada yangu, pole sana. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Kipimo kitakachotaja mwezi na mwaka hakuna. Na kidonda chenyewe hakina tarehe. Aina ya pili ya hepesi, ile inayotoka sehemu za siri mara nyingi, inalala kwenye mafundo ya neva chini kabisa ya uti wa mgongo. Wengi walioambukizwa hawajawahi kuona dalili wanayoitambua. Walipata mkwaruzo mdogo, wakadhani ni wembe au fangasi, ukapita. Na bila kidonda chochote, siku fulani fulani kirusi kinatoka kwenye ngozi na kinaweza kuambukiza. Kwa hiyo kunaweza kuwa na haya yote: bwana anacho tangu kabla ya ndoa na hakijui, au wewe ulikuwa nacho tangu ujana na mimba ndiyo iliyokiamsha, maana mimba nayo inabadilisha kinga. Hata aina ya kwanza, ile ya mdomoni, inaweza kufika chini. Kidonda cha kwanza kuonekana si lazima kiwe maambukizi ya juzi.

Aliyekuambia "imetoka nje" alisema jambo ambalo hakuna muuguzi wala daktari anayeweza kulisoma kwenye ngozi. Nasikitika kwamba limetoka kwa mtu wa kazi ya afya.

Bwana akikubali, njooni wawili kwa daktari, apimwe damu naye. Akikutwa na kingamwili (alama za kinga kwenye damu) za aina ya pili, atajua kwamba "sina kidonda" haikuwa ushahidi. Na mkipanga mtoto mwingine, mwambie mkunga mapema. Vidonda vikiwepo siku ya uchungu, daktari huenda akachagua upasuaji, kwa sababu ya mtoto. Hatari kubwa zaidi ni mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua. Mama mwenye kirusi cha zamani amekwisha kumpa mtoto kinga yake kabla hajazaliwa.

Nakuomba pia mpime SIDA wote wawili, kwa upendo, si kwa hukumu. Kirusi cha aina ya pili kinafungua mlango: mwenye nacho anaambukizwa SIDA kwa urahisi karibu mara tatu zaidi.

---

Mfugaji_Muhungu
Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Samahani kuingiza kuku katikati ya mambo mazito. Mwaka uliopita nilinunua vifaranga 300 vya siku moja ng'ambo ya Ruzizi. Walikua vizuri. Miezi minne, karibu kuanza kutaga, mmoja analala na mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama anataka kuruka mtaro. Kesho yake watatu. Mwingine jicho likawa la kijivu. Walikufa 90 na kitu. Nilipasua mmoja nikakuta ini lina mabonge meupe. Niliwachoma nikaambiwa ni uchawi wa mtu aliyeonea wivu banda. Kisha rafiki akaniambia neno Mareki. Ni ukoo huu?

---

Daktari_Mifugo_Kabare
Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Hukuingiza jambo la nje, papa. Mareki ni hepesi ya kuku, na ulivyoieleza miguu ile ningeitambua hata kwa simu. Jina ni la József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeieleza mwaka 1907. Kirusi kinaingia kwa pumzi, kinalala kwenye seli nyeupe za damu, kisha kwa baadhi ya kuku kinazigeuza saratani: ndiyo yale mabonge kwenye ini. Neva ya paja nayo inavimba, mguu unapooza. Hakimwambukizi mtu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Kinapotokea ndipo penye shida. Kuku anakitoa kwenye vifundo vya manyoya, pamoja na vumbi la ngozi. Lile vumbi la kijivu juu ya mbao za banda linaweza kuwa na kirusi hai kwa miezi. Ukileta vifaranga wapya kwenye vumbi la zamani, umewaalika. Safisha banda lote, ondoa matandiko yote, osha, acha likauke, usichanganye kuku wa umri tofauti.

Chanjo ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndiyo chanjo ya kwanza kabisa kuzuia saratani kwa kiumbe yeyote. Mojawapo ni kirusi cha bata mzinga, ndugu mpole wa huyu mkali. Lakini inachomwa siku ya kwanza ya kifaranga, au ndani ya yai siku ya 18, kwa sababu kirusi cha vumbi hakingojei. Baadhi ya chanjo hizi zinatunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiyo maana kazi hiyo ni ya mtotoleshaji. Anayekuuzia vifaranga muulize kabla ya kutoa pesa. Na ujue kwamba kuku aliyechanjwa haugui, lakini bado anaweza kubeba kirusi na kukitoa. Ukichanganya waliochanjwa na wasiochanjwa, hawa wa pili watakufa na wale wa kwanza watakuwa wanakula mahindi mbele yao.

Sasa niongeze ya ng'ombe, kwa sababu ni hadithi ile ile ya baba mdogo. Kuna hepesi ya ng'ombe inayoshika pua na koo, na kwa ng'ombe wenye mimba inatupa ndama. Anapona, unamsahau. Kirusi kimelala kwenye lile fundo la fuvuni alilolitaja ndugu wa maabara. Sisi tunaweza hata kukiamsha makusudi: mchome ng'ombe huyo sindano ya deksametazoni, dawa inayopunguza kinga, siku kadhaa mfululizo, na puani kirusi kinaonekana tena, mnyama ambaye mwaka mzima alikuwa safi. Dume wa namna hiyo akizungushwa kijiji kwa kijiji kupanda majike anaacha ugonjwa njiani, na kila mtu anaapa kwamba dume ni mzima. Wenyewe wanasema kweli, kwa macho yao.

Na dada zetu wanaonunua vidonge vya deksa sokoni ili wanenepe, wafikirie hilo. Dawa ni ile ile.

---

Muuguzi_Kadutu
Jumamosi, saa 3:48 asubuhi

Aksanti daktari kwa neno la deksa. Niongeze la macho: hepesi ya mdomo inaweza kushika kioo cha jicho, jicho jekundu moja, linauma, linaogopa mwanga. Mtu anakwenda farmasi, anapewa matone yenye deksa ndani, wekundu unapungua siku mbili na kirusi kinapata uwanja. Nimeona kijana wa miaka 19 aliyebaki na kovu jeupe katikati ya jicho kwa njia hiyo. Jicho moja jekundu linalouma lipimwe kwanza.

---

Mlinzi_wa_Msitu
Jumamosi, saa 5:20 mchana

Mimi napeleka wageni kuona gorila upande wa Kahuzi. Wageni wanakasirika tukiwaambia mwenye kikohozi au kidonda cha mdomo hapandi, ingawa amelipa. Nawaeleza hivi: mwaka 2007 gorila mdogo wa aina yetu hii ya nyanda za chini, aliyenyang'anywa kutoka kwa majangili, alikutwa na vidonda mdomoni, na kilichokuwemo kilikuwa kirusi cha hepesi cha binadamu, aina ya kwanza. Waliomshika ni watu. Mtoto wa gorila anayenyonyeshwa chupa na mtu, anabebwa kifuani, ana hatari ile ile ya kichanga mliyemtaja.

Daktari, ni kweli kwamba hepesi ya mnyama mmoja inamwua mwingine?

---

Daktari_Mifugo_Kabare
Jumamosi, saa 6:10 mchana

Kweli kabisa, na ndilo jambo linalonishangaza kuliko yote katika ukoo huu. Kirusi na mwenyeji wake wa kale wamezoeana kwa vizazi visivyohesabika, wamekuwa kama wapangaji wa nyumba moja. Akihamia kwa mgeni, hakuna mapatano.

Nyumbu wa Serengeti wana hepesi yao, hawaugui. Ndama wa nyumbu wanaitoa puani, na ng'ombe wakichunga hapo wanapata homa kali, macho yanakuwa meupe, pua zinaziba, wanakufa karibu wote. Wamasai walijua hilo kabla ya maabara, wanahamisha ng'ombe msimu wa nyumbu kuzaa. Huku kwetu hakuna nyumbu, lakini kondoo wana kirusi ndugu yake, nao wako wazima kabisa. Ng'ombe akifa na dalili hizo huku analala zizi moja na kondoo wanaozaa, msimtafute mtu.

Kwa binadamu mfano ni kima wa Asia aitwaye makaki. Hepesi yake kwake ni kidonda cha mdomo. Mwaka 1932 daktari kijana huko Marekani aliyekuwa akifanya utafiti wa polio aling'atwa na mmoja, kirusi kikapanda uti wa mgongo mpaka ubongo, akafa. Bila dawa hufa watu 70 hadi 80 kwa kila 100. Na ile aina yetu ya pili aliyoizungumzia dada: watafiti wa vinasaba walichapisha mwaka 2014 makadirio kwamba babu zetu waliipata kutoka kwa mababu wa sokwe miaka milioni 1.6 iliyopita.

---

Maabara_ya_Ziwani
Jumamosi, saa 1:15 usiku

Mmetaja saratani ya kuku, nami siwezi kunyamaza juu ya ile ya watoto wetu.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waliona uvimbe unafuata joto na mvua, na kwenye milima ya baridi ni haba. Ni ramani ya mbu.

Vipande vya uvimbe vilikuwa vinatumwa kwa ndege London, kwa Anthony Epstein. Desemba 1963 ndege moja ilikuta ukungu, ikageuzwa Manchester, kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kama ya kuoza. Mwingine angekitupa. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akakuta si bakteria: ni seli za uvimbe, hai, zinaelea moja moja. Kutokana na seli kama hizo, mapema 1964, yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi kipya cha ukoo wa hepesi. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kilitoka kwa mtoto wa Uganda, jirani zetu hapa.

Zaidi ya watu wazima 90 kwa kila 100 duniani wana kirusi hicho. Kinapita kwa mate, na kinalala kwenye seli za damu zile zinazotunza kumbukumbu za magonjwa. Kwa karibu wote hakifanyi neno. Lakini kwa mtoto anayepigwa na malaria tena na tena, kinga inachoka, seli zile zinasukumwa kugawanyika, na mara chache moja inakosea. Watu wa Uvira na uwanda wa Ruzizi wananielewa, wana mbu kuliko sisi tulio mita 1,500 juu.

Mtoto akivimba taya na meno yanalegea, msimpeleke kung'olewa meno. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ni hospitali kubwa, haraka, kwa sababu ni mmoja wa uvimbe unaosikia dawa vizuri kuliko mingi.

---

Mama_Furaha_Bagira
Jumapili, saa 2:30 asubuhi

Yaya, tulienda. Bamechukua sampuli. Dokta naye anawaza ni varisele, lakini tungoje majibu. Mapele ingine imekauka. Mama mukwe amefurahi sana. Nitakuambia.

---

Bila_Jina
Jumapili, saa 3:05 asubuhi

Nimemtumia bwana jibu lako kwa simu, lote. Amelisoma. Hajajibu, lakini amelisoma.

---

Muuguzi_Kadutu
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Wandugu, kikao kimefanyika jana.

Nilichukua kalamu nikachora mgongo wa mtu kwenye karatasi, nikachora neva za mbavu moja moja, nikampa baba mkubwa alinganishe na ubavu wa baba mdogo mwenyewe. Alifuata mstari kwa kidole, bila kumgusa, kutoka mgongoni mpaka kifuani. Akanyamaza. Kisha nikauliza swali moja tu: nani hapa anakumbuka kama huyu aliugua varisele utotoni?

Shangazi mkubwa, ana miaka 74, ndiye aliyejibu, na ndiye huyo aliyekuwa akisema karuho. Alisema: "Waliugua wawili, yeye na marehemu dada yake, mwaka ule tulipohamia Kadutu. Mama aliwafungia ndani wiki mbili akiwaogesha kwa majani. Huyu alijikuna, kovu liko hapa." Akamshika baba mdogo nywele, akamgeuza kichwa, akatuonyesha shimo dogo juu ya sikio. Sisi sote hatukuwahi kuliona.

Baada ya hapo hakuna aliyemtaja jirani kwa ugonjwa. Walibaki kubishania mpaka wa parseli mpaka saa moja usiku, na jambo hilo lina karatasi na mashahidi wake.

Baba mdogo mapele yamekauka, ila moto haujaisha. Neva iliyounguzwa inaweza kuuma miezi. Daktari amempa amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva, kidogo ya usiku. Hawezi kuvumilia mshono wa shati kwenye ubavu, kwa hiyo mke wake anamvalisha shati laini la pamba alilolipindua, mshono uko nje. Leo mchana amelala saa mbili mfululizo.